Ardhi iliyo chini ya msingi: majibu kwa wasomaji wa Lindi na Mtwara

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wenye viwanja wanaotaka kuchimba msingi kabla kifuku hakijaingia. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa hata jirani wa aliyeuliza.

Shikamooni wahandisi. Kiwanja changu kiko nje kidogo ya mji wa Lindi, kwenye mteremko. Udongo ni wa kijivu, na kiangazi unafunguka nyufa za kuingia vidole. Jirani amejenga vyumba vitatu na kuta zimepasuka kuanzia kona za madirisha. Fundi wangu ananiambia nichimbe tu mpaka nikutane na udongo mgumu. Je, inatosha?

Marahaba. Haitoshi, na sababu yake inastahili maelezo marefu kidogo. Mfinyanzi wa namna hiyo, ambao uko kwa wingi kuanzia Kilwa hadi Lindi, mwezi wa Oktoba hukataa sururu. Rudi Machi mahali pale pale, utaukanda kwa vidole. Ugumu alioukusudia fundi wako ni ukavu tu, na utaondoka na mvua ya kwanza itakayozama.

Tupige hesabu ya uzito kwanza. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita 3 una uzito wa kilo 900 hivi kwa kila mita moja ya urefu. Ongeza zege la chini, ukuta wa msingi na sehemu yake ya paa la bati, unafika kama tani 2. Zege la msingi likiwa na upana wa sentimita 60, ardhi inabeba tani 3 na kitu kwa mita ya mraba. Mfinyanzi wa ugumu wa wastani, ule unaobonyea kwa kuukaza vidole kwa nguvu, hubeba tani 7 na nusu kwa usalama. Kwa hiyo nyumba ya jirani yako haikuwa nzito kuliko ardhi yake. Imepasuliwa na maji. Chini ya katikati ya nyumba jua halifiki, unyevu unatulia. Pembezoni udongo hunywa maji ya paa wakati wa mvua ukavimba, kisha hukauka kiangazi ukanywea. Nenda ukazitazame nyufa zake vizuri. Zikiwa pana juu na nyembamba chini, basi kona ndizo zinazoshuka au katikati panainuka. Zikiwa pana chini, katikati pametitia.

Sasa kazi ya kwako. Chimba mashimo matatu ya uchunguzi: mawili kwenye kona zinazotazamana kwa mshazari, la tatu sehemu ya chini kabisa ya mteremko. Yaweke mita 2 au 3 nje ya mstari wa kuta. Shimo lililochimbwa kisha likafukiwa halirudi kuwa gumu kama zamani, na ukiliacha chini ya ukuta umejitengenezea mahali pa kutitia. Ukubwa wa mita 1 kwa mita 1 na nusu unatosha, kina mita 2 na nusu hivi. Mtu asiingie ndani likipita mita 1.2 bila mbao za kuzuia kingo, hata kingo zikionekana zimesimama imara, na udongo uliotolewa urundikwe walau mita 1 kutoka ukingoni. Mashimo yaliyopita kina hicho yasomwe kwa kusimama juu, na sampuli zichukuliwe kwenye koleo linapotoka.

Simamisha futi kamba ukutani mwa shimo upige picha, kisha andika kila tabaka linaanzia kina gani na kuishia wapi, rangi yake, unyevu wake, mizizi imeshuka hadi wapi. Ukiona mabonge yanayopasuka kwa nyuso laini zinazong'aa kama zimepakwa sabuni, andika kwa herufi kubwa. Nyuso hizo ni alama ya udongo ambao umekuwa ukivimba na kusuguana wenyewe kwa miaka mingi. Kila tabaka litolewe kilo 5, mfuko wa nailoni mara mbili, lebo moja ndani na nyingine nje, yenye namba ya shimo na kina. Lebo ya nje peke yake hufutika njiani.

Kuna kipimo kimoja unachoweza kukifanya mwenyewe kabla ya kulipia maabara. Kausha udongo, uponde, uchekeche kwa chekecheo laini kabisa. Tafuta silinda mbili za kupimia za mililita 100, tia gramu 10 katika kila moja. Moja ijaze maji, nyingine mafuta ya taa. Koroga hewa itoke, acha saa 24. Udongo hauvimbi ndani ya mafuta ya taa, kwa hiyo silinda hiyo ndiyo kigezo chako. Tuseme kwenye mafuta udongo umesimama mililita 10 na kwenye maji 16: tofauti ni 6, yaani asilimia 60 ya ule wa mafuta. Chini ya asilimia 20 hofu ni ndogo. Kati ya 35 na 50 ni udongo wa kuvimba sana, na ukipita 50 usijenge msingi wa kawaida hata kama bei inavutia.

Maabara nayo itakupa viwango vya unyevu ambapo udongo unageuka kutoka mkavu kuwa wa kukandika, na kutoka wa kukandika kuwa uji. Tofauti ya viwango hivyo viwili huitwa fahirisi ya ukandikaji. Ikipita 35, uchukulie kuwa udongo wa hatari. Maabara za TANROADS hupima haya kila siku kwa kazi za barabara. Waulize utaratibu na gharama. Vipimo vizito zaidi vya kuvimba hufanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu Ardhi.

Udongo ukithibitika kuwa wa kuvimba, mafundi wengi hukimbilia kujaza mchanga chini ya msingi. Tunaomba sana usifanye hivyo. Mtaro wa mchanga uliozungukwa na mfinyanzi hugeuka beseni: maji yote ya pembeni yanakusanyika humo na kuulowesha udongo ule ule uliokuwa unaukimbia. Kama ni kubadilisha udongo, tumia moramu iliyoshindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15. Njia nyingine ni kushuka chini ya tabaka linalocheza na majira, ambalo utalitambua shimoni kwa nyufa na mizizi, au mhandisi akuchoree jamvi, yaani zege moja linalotandazwa chini ya nyumba nzima, lenye mbavu za nondo, litakaloinuka na kushuka kama kitu kimoja.

Njia yoyote utakayochagua, zungusha ubaraza wa zege wa upana wa mita 1 hadi 1.2 wenye mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, weka mifereji ya paa, na karo la choo likae mbali, upande wa chini wa mteremko. Mwembe au mwarobaini nao usipandwe karibu na ukuta kuliko kimo ambacho mti utafikia ukikua.

Kiwanja changu kipo Mikindani, karibu na ufuo. Nusu kuna jiwe la matumbawe limejitokeza juu, nusu nyingine ni mchanga. Naambiwa nimebahatika kwa sababu nitaweka msingi juu ya mwamba.

Nusu yako iko juu ya mwamba, ndugu, na hapo ndipo penye shida. Upande wa jiwe hautashuka hata milimita. Upande wa mchanga utashuka kidogo kwa vyovyote. Ukuta unaopita juu ya mpaka wa pande hizo mbili utapasuka pale pale kwenye mpaka, na kupiga lipu upya hakutasaidia.

Kwanza jua mwamba unakwenda wapi. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 2 au zaidi, inoe ncha, uichome mchangani kwa nyundo kila baada ya mita 1 kando ya mstari wa kila ukuta, uandike kina inapogota. Kwa nusu siku utakuwa na ramani ya sura ya jiwe chini ya mchanga. Mara nyingi utakuta halishuki kwa mteremko wa taratibu. Linakatika ghafla, kisha linainuka tena.

Pili, matumbawe yana mapango. Maji ya mvua huyeyusha chokaa kwa miaka elfu nyingi yakaacha matundu, mengine matupu, mengine yamejaa udongo mwekundu. Safisha sakafu ya mtaro kwa ufagio na maji mpaka jiwe lionekane lote. Gonga kwa nyundo nzito hatua kwa hatua: jiwe zima hulia kwa sauti kali, lenye uwazi chini hulia kama debe. Mwaga ndoo ya maji; yakipotea mara moja mahali fulani, pana ufa au tundu. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa hilo, pamoja na kutoboa sehemu zenye shaka hadi mita 1 na nusu, linatosha. Kwa nyumba yenye nguzo, toboa chini ya kila nguzo, mita 3, na anayetoboa aandike kila mahali ambapo chuma kilidondoka ghafla.

Tundu dogo lisafishwe udongo wote, lijazwe zege. Tundu kubwa linahitaji mhandisi achore boriti ya kuliruka. Katu usilifanye shimo la maji machafu kwa sababu tu limepatikana bure: matundu hayo huungana, na mwisho wake unaweza kuwa kisima cha jirani.

Kuhusu nusu kwa nusu, kama jiwe liko ndani ya mita 1 na nusu upande wa mchanga, shuka ulifuate kwa msingi wa ngazi. Kila ngazi isizidi unene wa zege lenyewe, na zege la juu lipishane na la chini walau mara mbili ya kimo cha ngazi. Jiwe likiwa mbali zaidi, tenganisha nyumba vipande viwili kwa kuacha nafasi ya milimita 25 kuanzia msingi hadi juu, kwenye mkanda pia. Watu huikatisha nafasi hiyo ukutani lakini wakaunganisha nondo za mkanda wa juu, na hapo kazi yote inakuwa bure. Njia ya tatu ni kuchonga jiwe sentimita 30 chini ya kina cha msingi na kuweka mto wa moramu iliyoshindiliwa, ili upande mgumu nao ulegee kidogo. Hiyo tunaipendekeza pale tu mchanga wa upande wa pili umeshindiliwa vizuri na kupimwa.

Mimi ni mama wa Newala. Nyumba yangu ina miaka sita, haikuwa na tatizo. Mwaka jana tulijenga tangi la kuvunia maji ya mvua kando ya chumba cha kulala, na sasa kona hiyo imeshuka, mlango haufungi. Udongo wetu ni ule mwekundu wa kichanga.

Pole sana, mama. Udongo mwekundu wa Uwanda wa Makonde unapokuwa mkavu unadanganya. Chembe za mchanga zimeegemeana kwa ulegevu, zimeshikwa na gundi nyembamba ya mfinyanzi. Ukichimba shimo, kingo zinasimama wima kama ukuta, na mtu anaamini ni ardhi imara. Gundi ile ikilowa inalainika, chembe zinaporomokeana, na ardhi inashuka ghafla chini ya uzito ule ule iliobeba miaka yote. Tangi lako linavuja, au bomba la kumwagia ziada linamwaga karibu na msingi.

Jambo la kwanza ni maji: toa maji ya tangi, tafuta ufa, peleka bomba la ziada mbali na nyumba kwa mfereji wa zege. Kama kushuka kutakoma, na utajua kwa kubandika kipande cha kioo kwa saruji juu ya ufa na kuangalia kama kitavunjika, matengenezo yatakuwa madogo. Usizibe nyufa kabla kioo hakijapita msimu mzima wa mvua kikiwa kizima.

Kwa wasomaji wengine wanaojiandaa kujenga Newala, Tandahimba na uwanda wote ule, fanyeni haya. Chimba shimo dogo la nusu mita, kisha rudisha udongo wote ulioutoa na kuushindilia. Katika ardhi nyingi udongo unabaki. Ukipungua, shimo lisijae, ujue ardhi yako ilikuwa na uwazi mwingi na inaweza kuporomoka ikilowa. Ukitaka namba, kata bomba la chuma la kipenyo cha ndani cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 12.7. Ujazo wake ni lita 1. Noa ukingo wake, lizamishe taratibu kwenye sakafu ya shimo kwa kugonga juu ya ubao, lichimbue, kata udongo sawa na midomo yake, kaanga udongo wote juu ya moto mpaka ukauke kabisa, upime. Kilo 1.7 na kuendelea inatia moyo. Chini ya kilo 1.6, anza kuwa na mashaka, kilo 1.4 ni udongo uliolegea mno.

Maabara hukata shaka kwa kipimo cha edometa: kipande kisichovurugwa hubebeshwa uzito, kisha humwagiwa maji na kupimwa kimeshuka asilimia ngapi. Chini ya 1 hakuna tatizo, 1 hadi 5 ni la wastani, ikipita 5 ni tatizo la kweli. Kipande hicho lazima kisafiri bila kutikisika, kimefungwa na kupakwa nta. Udongo uliosafirishwa ndani ya kiroba hauna tena ule uwazi unaotafutwa.

Dawa yake haina anasa. Chimba mtaro mpana na wenye kina cha ziada sawa na upana wa zege la msingi, au mara moja na nusu ukiweza, kisha urudishe udongo ule ule ukiwa na unyevu wa kutosha, tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kwa mashine. Unyevu unaofaa ni huu: finyanga bonge mkononi, lishikamane, lidondoshe kutoka kimo cha mita 1, livunjike vipande vichache. Likisambaa unga, ongeza maji. Likibandika kama chapati, umezidisha, subiri likauke. Na tangi lijengwe mbali na kuta, mita kadhaa, hata kama ndoo itakwenda safari ndefu kidogo.

Shamba langu la mikorosho Masasi lilipimwa udongo na wataalamu wa kilimo na ripoti ninayo. Naweza kuitumia kujengea nyumba hapo hapo?

Hapana. Wao walichota udongo wa juu, wakapima uchachu na virutubisho vya mti. Udongo huo wa juu ndio utakaouondoa wote kabla ya kumwaga zege, kwa sababu una mizizi na mboji inayooza na kuacha uwazi. Kitu kimoja tu kwenye ripoti hiyo kinaweza kukufaa: kiasi cha mchanga na mfinyanzi. Kikionyesha mfinyanzi mwingi, soma jibu letu la kwanza.

Tunataka kujenga ghorofa mbili zenye maduka chini, Mtwara mjini. Kampuni moja imetupa bei ya tundu moja la kuchoronga la mita 6. Nyingine inataka matundu manne ya mita 12, ghali mara nyingi. Tumwamini nani?

Tundu moja halikuambii kama upande wa pili uko sawa, na kwa ardhi ya pwani ya Mtwara, ambako matumbawe na mchanga vinapokezana, hilo ndilo swali lenyewe. Matundu matatu yasiyo kwenye mstari mmoja ndiyo mwanzo. Kwa jengo lenye kona nne, manne si anasa. Kuhusu kina, uzito wa besi ya nguzo husikika ardhini hadi kama mara mbili ya upana wake. Besi ya mita 2 iliyowekwa kina cha mita 1 na nusu inadai uchunguzi wa mita 5 na nusu kwenda chini, na besi zikisogeleana zinaanza kufanya kazi kama msingi mmoja mpana, kwa hiyo mita 10 hadi 12 ni ombi la haki. Mita 6 zingeweza kukubalika tu kama mwamba mzima umethibitishwa.

Kuthibitishwa, tunasisitiza. Kipimo cha SPT, cha kugongea bomba ardhini ndani ya tundu, hudondosha nyundo ya kilo 63.5 kutoka kimo cha milimita 760, na kuhesabu mapigo ya kuzamisha bomba milimita 150 mara tatu. Mafungu mawili ya mwisho ndiyo hujumlishwa. Mchanga wenye mapigo chini ya 10 umelegea, 10 hadi 30 ni wa wastani, juu ya 30 umeshikana. Yakifika 50 bila kuzama, wachorongaji huandika kwamba chuma kimekataa na kufunga kazi. Kwenye matumbawe inaweza kuwa ganda la nusu mita lenye mchanga teketeke chini yake. Mkataba useme wazi: chuma kikikataa, mwamba uchorongwe kwa kutoa kiini, yaani kipande kizima cha mwamba wenyewe, kwa mita 3 zaidi, na viini viwekwe kwenye sanduku na kupigwa picha.

Simamieni pia mambo mawili wakati wa kazi. Nyundo inayovutwa kwa kamba lazima iachiwe kimo chote kila pigo. Mfanyakazi aliyechoka huivuta nusu na namba inaongezeka bila sababu. Na chini ya usawa wa maji, bomba la tundu lijazwe maji daima. Yakipungua, maji ya ardhini huingia kwa nguvu kutoka chini, yanauvuruga mchanga, na mapigo yanatoka machache kuliko ukweli. Kosa la kwanza linakupa msingi ulio na gharama ndogo na hatari, la pili linakufanya ununue nondo usizozihitaji.

Ripoti mtakayoilipia iwe na ramani ya matundu na usawa wa ardhi ya kila moja, kumbukumbu ya kila tabaka, kina cha maji yalipokutwa na tena baada ya saa 24, karatasi za maabara zenyewe, hesabu ya uzito ardhi inaoweza kubeba pamoja na makadirio ya kutitia, na pendekezo la kina na aina ya msingi. Kwa besi zilizo juu ya mchanga, makadirio ya kutitia yasizidi milimita 25. Isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ripoti inayotaja tu namba moja ya uzito bila makadirio ya kutitia, irudisheni.

Kilwa Masoko: nikichimba mita 1 na nusu napata maji, na yana chumvi. Nifanye nini na zege?

Chota lita 2 za maji hayo kwenye chupa safi, ijaze mpaka juu isibaki hewa, peleka kupimwa kloridi na salfeti. Kloridi hula nondo, salfeti hula zege lenyewe, na saruji ya kutumia huchaguliwa kwa majibu hayo. Nondo za msingi zifunikwe kwa zege la milimita 75, zikae juu ya zege jembamba la kusawazishia na si juu ya udongo, na zege lisitengenezwe kwa maji ya kisima hicho wala mchanga wa ufukweni. Pima kina cha maji tena mwezi wa Aprili, bahari inapokupwa na inapojaa, kwa sababu usawa wa kisima chako unaweza kufuata bahari. Usawa wa juu kabisa wa maji utakaouona ndio mchoraji autumie.